Mwalo Uliofagiwa

Bango la kampuni ya Machweo limesimama pale njia ya kushuka ziwani inapoanzia, na lina picha ya mwalo wetu wa Rubengwe. Maji ni ya buluu, milima ya Kongo inaonekana kwa mbali, mchanga ni mweupe na hauna hata jani moja. Juu ya mchanga huo wameweka watu wanne kwenye viti vya kulalia, wamevaa miwani ya jua. Hakuna mtu hapa anayewajua. Chini yao wameandika: "Ufukwe ambao haujawahi kuguswa."

Usafi ule ni wa dada yangu Hidaya. Aliufagia yeye, ameinama, kwa ufagio wa njiti za mchikichi, tangu kunapambazuka mpaka jua lilipokuwa kali. Mimi nilikuwa nyuma yake nazoa takataka kwa beseni. Sasa dada hayupo, na kila ninapopita pale nasimama kuutazama mchanga wa kwenye bango. Alama za ufagio zipo. Ni mistari mistari upande wa kushoto, karibu na mguu wa mwanamume mnene, mmoja wa wale wanne. Waliotengeneza picha hawakujua ni nini, wakaiacha.

Rubengwe ni mwalo mdogo, kusini ya Ujiji. Wanawake kama arobaini tulikuwa tunaanika dagaa pale. Mitumbwi ilikuwa inarudi asubuhi, tunanunua, tunaosha, tunaanika juu ya chanja za miti zilizotandazwa nyavu kuukuu, na wakikauka tunawapeleka soko la Mwanga. Kazi hii inafuata mwezi. Siku za giza wavuvi wanawasha taa, na dagaa wanaifuata taa. Mbalamwezi ikija, taa haina maana, mitumbwi inapandishwa mchangani, na sisi tunafua nguo, tunakwenda harusini, tunalala. Watu waliokuja kupima ardhi hawakulijua hilo. Hatukuwaambia. Nani anamweleza mtu mzima mwenye shahada kwamba kuna mwezi?

Zamani ukitaka kiwanja huku ulikwenda kukaa na mwenyewe barazani. Mliutembea mpaka wa kiwanja pamoja, majirani wakaitwa, kila mmoja akasimama upande wake, mkaandikiana mbele ya mashahidi, mkala wali. Kama kulikuwa na dalali, basi ni Athumani, na ofisi yake ilikuwa benchi la fundi cherehani pale Mwanga. Hidaya alimjua tangu anatambaa. Athumani akapotea kama mwaka mzima, aliporudi alikuwa na koti. Sasa si dalali tena, ni mshauri wa makazi na uwekezaji. Ana simu mbili na kundi la WhatsApp lenye watu mia tatu wa Dar es Salaam na Dodoma, wanaonunua viwanja kwa kutazama picha. Hawaji. Wanatuma dole gumba, kiwanja kimekwenda.

"Athu," Hidaya alimwambia siku ile alipokuja na wageni, "koti hilo na joto hili, unaficha nini?"

"Naficha jasho, shangazi."

"La nani?"

Athumani alicheka sana. Alikuwa anacheka kila kitu siku hizo.

Wageni wenyewe walikuwa mmoja, dada Catherine, afisa ushirikishwaji wa jamii wa Machweo. Aliletwa na Thobias, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliyevaa viatu vya kufunga kamba juu ya mchanga. Catherine alikuwa mpole, anaamkia kila mtu shikamoo, hata wadogo zake. Alisema kampuni inataka kujenga nyumba nzuri za kisasa na haiwezi kufanya chochote bila sisi.

"Basi msifanye," Hidaya akasema, lakini kwa sauti ya chini, na Catherine akatabasamu kama aliyesikia shairi.

Akatuuliza tunataka mkutano siku gani. Tulifurahi kuulizwa. Ndiyo aibu yetu, tulifurahi. Tukashauriana, tukamwambia aje siku za mbalamwezi, kwa sababu siku za giza hakuna mwanamke wa Rubengwe mwenye nafasi ya kukaa kwenye kiti. Aliandika kwenye daftari lake: "Jamii imechagua tarehe."

Halafu tukafanya kitu ambacho sijui kama kuna watu wengine duniani wangekifanya. Tuliondoa chanja. Zote. Wageni wanakuja, na mwalo wa dagaa unanuka hata ukiwa mtupu. Mbao zina magamba, nyavu zina utelezi. Tulizing'oa, tukazibeba mpaka nyuma ya nyumba ya Hidaya, ambayo iko juu tu ya mwalo, uwanja wake ukishuka mpaka kwenye mchanga. Tukafagia. Bibi Leonia, mkubwa wetu, aliyezaliwa Kalinzi na bado anasalimia Kiha, alitoa vitambaa vyake vya mezani vya Krismasi. Mkutano ulifanyika pale pale mchangani, chini ya turubai.

Catherine alitugawia vikaratasi vya rangi. Kila mmoja aandike ndoto yake kuhusu Rubengwe. Bibi Leonia hajui kuandika, akaniambia nimwandikie kwamba ndoto yake ni meno. Vikaratasi vikabandikwa ubaoni, vikapangwa, vya njano kwa vya njano. Vilipendeza. Hidaya hakuandika. Alinyoosha mkono.

"Mkishajenga, sisi tutaanika wapi?"

"Swali zuri sana hilo, mama," Catherine akasema. Akaandika swali kwenye karatasi kubwa iliyokuwa peke yake pembeni. Alisema ile ni maegesho ya maswali. Swali likiwa zito linaegeshwa pale, litafuatwa baadaye.

"Nani atakuja kulichukua?"

Watu wakacheka. Thobias akasimama, akasema tusimchoshe mgeni.

Kabla ya soda kikaja kidude kinanguruma juu yetu, droni, kinapiga picha kutoka angani. Kilizunguka mwalo mzima, kikaenda mpaka kwenye matete, kikarudi. Tulikipungia mikono. Wanawake wazima, wengine wana wajukuu, tunapungia kidude mikono. Kisha tukasaini mahudhurio, tukapewa soda na sambusa, tukaenda nyumbani tunasema yule binti amelelewa.

Baada ya miezi mitatu barua ikabandikwa ofisi ya mtaa. Ilisema utafiti umethibitisha kwamba ufukwe wa Rubengwe ni eneo lisilotumika, na kwamba jamii imeshirikishwa na kuridhia. Ushahidi wake ulikuwa viambatisho viwili. Cha kwanza, picha kutoka angani. Cha pili, majina yetu na sahihi zetu, na dole gumba la Bibi Leonia, limekolea wino kuliko yote.

Hidaya alikwenda kwa Thobias na mimi nikamfuata.

"Mwenyekiti, tumeridhia lini?"

"Si mlisaini, Mama?"

"Tulisaini soda."

"Mimi sikusoma juu palikuwa pameandikwa nini. Na wewe hukusoma. Tusilaumiane."

"Wewe ni mwenyekiti! Tulikuchagua usome!"

Thobias alikunja uso kama aliyetukanwa. Mtu yule huwezi kusema alihongwa. Ingekuwa afadhali. Alipenda tu kukaa karibu na watu wenye magari yaliyofungwa vioo, na wakimwita mheshimiwa alikuwa anapoteza kumbukumbu.

Kampuni iliunda Kamati ya Maridhiano kwa wenye malalamiko. Ilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini Kigoma. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Wilfred, mstaafu aliyeletwa kutoka mbali, mtu wa sauti nzuri ya kanisani. Alitaka mlalamikaji mmoja kwa niaba ya wote. Hidaya akasimama. Wilfred akageuza kompyuta ili Hidaya aione ile picha ya angani.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Rubengwe."

"Na ilipigwa siku ya mkutano, siyo?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe chanja."

"Hazipo. Tuliziondoa."

"Kwa nini mliziondoa?"

"Si mlikuwa mnakuja?"

Mmoja wa wajumbe akaguna, mwingine akacheka, wakacheka wote, Wilfred akapangusa macho kwa leso.

"Kwa hiyo mlificha shughuli zenu."

"Hatukuficha, tulifagia. Kwenu wewe mgeni akija unamwagia maji machafu mlangoni?"

"Mama Hidaya, mimi nafanya kazi na ushahidi. Una picha yoyote inayoonyesha mnaanika?"

Dada alinigeukia, kwa sababu mimi ndiye mwenye simu nzuri. Nikapekua. Nina picha za Idi, nina picha za sufuria la pilau, nina picha yangu na gauni la harusi ya Nasma, zaidi ya thelathini, kila upande. Dagaa, hakuna hata mmoja. Wanawake arobaini, miaka na miaka, tunawashika kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuona kwamba dagaa ni kitu cha kupiga picha.

Wilfred akasema yeye ni mtu wa haki, kamati itakuja kuona kwa macho yake, Jumanne, wiki mbili zijazo. Hidaya akahesabu kwenye vidole, midomo inacheza. Jumanne hiyo lingekuwa giza totoro. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatabasamu tangu barua ile.

Alipita nyumba kwa nyumba. "Msiguse kitu," alisema. "Waje wakute magamba, wakute nzi, wakute Leonia anagombana na wavuvi. Waingie na viatu vyao." Wanawake waliapa. Siku mbili kabla, tukatengeneza chanja zote, ambazo tulizirudisha mahali pake zamani, giza lilipoanza tu baada ya mkutano. Jumatatu Hidaya akapanda mtumbwi kwenda Ilagala kuongeza dagaa, kwa sababu alitaka siku hiyo kusiwe na chanja hata moja tupu. Angerudi Jumanne asubuhi.

Asubuhi ya Jumanne akaja Thobias na kipaza sauti. Alisema amepata habari kwamba kamati haiji peke yake, inakuja na wakubwa. Mtaa usiaibike. Eti picha zinaweza kwenda kwenye televisheni. Alisema hivyo akaondoka, hakukaa hata dakika tano. Hakukuwa na haja.

Bibi Leonia ndiye aliyeshika ufagio kwanza.

"Jamani," nikasema, "dada alisema tusiguse."

"Alisema waone kazi. Hakusema waone uchafu. Shadia, wewe mgeni wako anakukuta hivi?"

"Chanja tutazisogeza kidogo tu nyuma," mwingine akasema. "Wakifika tutawaeleza, hapa huwa tunaanika."

"Kabisa. Tutawaeleza vizuri."

Nilisimama pale na sentensi yangu moja, nimeshaisema. Halafu nikachukua beseni. Naandika hili kwa sababu wengine siku hizi wanasema walilazimishwa. Hakuna aliyelazimishwa. Chanja na dagaa wa asubuhi ile tukavipeleka nyuma ya nyumba ya Hidaya, tulifanya haraka, tulifanya vizuri, na walipofika kina Wilfred tulikuwa tumejipanga mistari miwili, tumevaa vitenge vya kwenda mjini, mchanga unang'aa kama sahani. Hakukuwa na mkubwa yeyote wala televisheni. Kulikuwa na Wilfred, wajumbe wawili, Catherine, na Athumani na koti lake.

"Karibuni sana," tukasema kwa pamoja.

Mtumbwi wa Ilagala ulifika wakati Bibi Leonia anaeleza kwa mikono mahali chanja zinapokuwaga. Hidaya aliruka majini kabla haujagusa nchi kavu. Alisimama, maji yakiwa magotini, akautazama mwalo kutoka mwisho mpaka mwisho. Alitutazama na sisi, mmoja mmoja. Akamwambia mwenye mtumbwi amtwishe ndoo ya dagaa, akaja nayo mpaka mbele ya kamati, akaimwaga pale pale, karibu na viatu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakokota chanja moja peke yake, akaisimamisha, akaanza kuanika. Aliwatandaza vizuri, kama siku zote.

Wilfred aliziba pua kwa leso yake ileile. Akaandika. Sote tuliona anachoandika kwa sababu aliandika kwa herufi kubwa: mtumiaji mmoja.

Barua ya mwisho ilimpa mtumiaji mmoja kizimba kimoja cha kuuzia dagaa sokoni. Cha kuanikia, hakuna. Waliobaki walishukuriwa kwa ushirikiano. Mwalo ukazungushiwa mabati ya buluu.

Dada hakunilaumu. Aliniuliza habari ya Jumanne ile mara moja tu, tunachambua mchele.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akaendelea kuchambua. Sisemi barua ndiyo iliyomuua. Alikuwa na presha miaka mingi, na homa ya masika ile ilichukua wengi. Siku nne tu. Ninachosema ni kwamba aliacha kuamka alfajiri, na mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote akiacha, nyumba nzima inajua.

Tulipomaliza arobaini, Athumani akaja kunipa pole kwa mara ya tatu. Alikaa barazani, akaitazama nyumba ya marehemu kama anaipima kitambaa. Nyumba nimeachiwa mimi. Alinieleza kwamba Machweo wanahitaji lango, na uwanja huu unashuka vizuri mpaka mchangani, na kwa kuwa sasa hauna shughuli ni vema nishirikishwe mapema.

"Alhamisi nawaleta wateja watatu kutoka Dar, na dada Catherine. Waone tu, shangazi. Kuona hakuna ubaya."

Zamani alikuwa ananiita Shadia. Ushangazi nimeurithi pamoja na nyumba.

"Sawa," nikasema.

"Na tafadhali," akasema akiwa amesimama, anajikung'uta koti, "pafagie kidogo. Unajua wageni."

Nikatazama juu alfajiri ya kesho yake. Mwezi ulikuwa umekwisha, umebaki ukucha. Jumatano nikapanga na mwenye mtumbwi wa Ilagala, yule yule. Alhamisi asubuhi nilikuwa na ndoo sita za dagaa. Nilitoa chanja nyuma ya nyumba, zile arobaini zetu zilizokuwa zimelundikwa pale hakuna aliyezifuata, nikasimamisha zilizotosha uwanja. Zilipojaa nikatandaza nyavu kwenye ngazi. Nikatandaza barazani. Maji ya kuoshea nikayamwaga mlangoni kwangu mwenyewe, yakatiririka mpaka njiani.

Walikuja saa nne. Gari lilisimama mbali, vioo vikashuka, vikapanda tena.

Walishuka Catherine na Athumani tu. "Shikamoo, mama. Pole na msiba. Leo tumekukuta na kazi?"

"Marahaba. Ndiyo, leo na kesho na keshokutwa. Mbalamwezi napumzika."

"Shangazi, nilikuomba kitu kidogo tu," Athumani akasema. Nzi walikuwa wamelipenda koti.

Bibi Leonia alikuwa ameliona gari. Alikuja kwa haraka yake ile ya miguu mibovu, ufagio mkononi, anahema.

"Mwakeye! Karibuni! Shadia, mbona umewaacha wageni wamesimama kwenye uvundo? Sogea nifagie."

Nikamnyang'anya ufagio. Nilimnyang'anya kweli, kwa nguvu, mwanamke wa umri wa mama yangu, na alinitazama kama nimempiga kofi. Nikautupa juu ya paa.

"Shika upande huo wa wavu, Bibi," nikasema. "Umejikunja."

Alisimama. Alitazama gari, akatazama paa. Halafu akakaa chini taratibu, akaushika wavu, akaanza kugeuza dagaa kwa vidole, huku anasonya. Sijui alikuwa anamsonya nani.

Nikachukua simu yangu, nikampa Athumani.

"Piga picha."

"Ya nini?"

"Wewe si mtaalamu wa picha? Tupige. Uwanja wote, na sisi, na mlango. Na dada Catherine aingie."

Catherine alirudi nyuma hatua mbili, lakini alikuwa ameshaingia. Athumani alipiga haraka haraka, akanirudishia simu bila kunitazama usoni. Gari lilikuwa limewashwa tayari.

Picha ninayo. Chanja zinaonekana zote, tarehe iko chini, Bibi Leonia amefumba macho, Catherine ameshika pua. Kidole cha Athumani kimeziba pembe moja.